Mshahara wa Mbegu za Kakao



Mtoto wa Kiswahili anayekulia Uingereza au Marekani hawezi kumkwepa Charlie Bucket. Asipokutana naye shuleni atamkuta maktaba, na akimkosa maktaba atamwona kwenye sinema. Riwaya ya Roald Dahl, Charlie and the Chocolate Factory, ilitoka Marekani mwaka 1964 na Uingereza mwaka 1967. Tangu hapo imetengenezewa filamu mbili kubwa, ya mwaka 1971 na ya mwaka 2005, na mwaka 2023 ikaja ya tatu, Wonka, inayosimulia ujana wa yule mwenye kiwanda. Mimi ni mmoja wa wanaokipenda kitabu hiki, na ndiyo maana leo nataka kukisema.

Kwanza nikipe haki yake. Ni vitabu vichache vya watoto vinavyoijua njaa kama hiki. Wazee wanne wanalala kitanda kimoja, baba anafunga vifuniko vya dawa ya meno kiwandani, na chakula cha jioni ni supu ya kabichi. Baba anapopoteza kazi, Charlie anaanza kutoka nyumbani mapema ili atembee polepole, na wakati wa mapumziko anabaki darasani ametulia, asije akamaliza nguvu kidogo alizo nazo. Chokoleti anaipata mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, na hata hiyo anawakaribisha wenzake nyumbani waonje. Msomaji aliyewahi kulala na njaa anajua kwamba haya hayakuandikwa kwa kubahatisha.

Lakini tiketi ya dhahabu ikishapatikana na lango likafunguliwa, mwandishi huyohuyo anasahau alichotufundisha. Bwana Wonka aliwafukuza wafanyakazi wake wote wa mjini kwa sababu majasusi walikuwa wanamwibia siri zake. Kisha siku moja moshi ukaonekana tena ukitoka kwenye dohani, ila hapana mtu anayeingia wala kutoka. Nani anafanya kazi mle ndani? Toleo la mwaka 1964 linajibu waziwazi: ni Oompa-Loompa, watu weusi wafupi kutoka ndani kabisa ya misitu ya Afrika. Wonka aliwakuta wakiishi juu ya miti na kula viwavi, huku wakiota kakao usiku na mchana. Akamwahidi mkuu wao kwamba atawalipa mshahara wa mbegu za kakao. Kabila zima, wanaume, wanawake na watoto, likatiwa ndani ya makasha yenye matundu ya kupitisha hewa, likasafirishwa kwa siri.

Huko kiwandani wanaimba, wanacheka, na wanajaribiwa. Wengine waliotafuna bazoka ya Wonka kwa majaribio waligeuka matunda ya buluu. Mzee mmoja alikunywa kinywaji cha kupaa, akapaa moja kwa moja, asionekane tena. Haya yote tunasimuliwa kama mzaha. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hapa ni ajabu zaidi: mwandishi aliyemjua mwenye njaa wa Uingereza hakumtambua mwenye njaa wa msituni.

Wala hatuwezi kusema kwamba Afrika aliisikia kwa mbali tu. Dahl alifika Dar es Salaam mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka 22 aliyeajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell. Alijifunza Kiswahili, na vita vilipoanza mwaka 1939 alipewa askari wa King's African Rifles awaongoze. Katika kitabu chake Going Solo, cha mwaka 1986, anamweleza kwa mapenzi Mdisho, kijana aliyemtumikia nyumbani: ana jina, ana hasira, ana heshima yake. Basi kati ya Mdisho na Oompa-Loompa kuna shimo ambalo haliwezi kuelezwa kwa kutojua. Mtu mmojammoja alimwona. Walipokuwa wengi, wakiwa kazini, hakuwaona.

Malalamiko yalikuja. Filamu ya kwanza ilipokuwa inaandaliwa, NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, kilipinga sura ile ya Waafrika. Filamu iliyotoka mwaka 1971, iliyoongozwa na Mel Stuart na kuigizwa na Gene Wilder, ikawapa Oompa-Loompa ngozi ya rangi ya machungwa na nywele za kijani. Mwaka 1973 Dahl mwenyewe alibadilisha kitabu: wakawa weupe wenye mashavu mekundu, na kwao hakukuwa tena Afrika bali nchi ya kubuni, Loompaland. Wengi waliona mambo yamekwisha.

Mimi naona hapo ndipo kosa lilipofichwa vizuri zaidi. Kilichobadilishwa ni rangi. Mkataba ulibaki uleule. Bado wanafika ndani ya makasha, bado wanalipwa mbegu, bado hawatoki nje ya lango, bado dawa zinajaribiwa kwenye miili yao. Ukimpaka mtumwa rangi ya chungwa hujamwacha huru. Tena chokoleti si kitu cha kuchezea habari ya namna hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 kakao ya São Tomé ililimwa na watu waliotolewa Angola na kupelekwa huko kwa meli, wakiitwa vibarua wa mkataba, na wengi hawakurudi kwao. Mwaka 1909 Cadbury na wenzao wa Uingereza waliacha kununua kakao hiyo. Hao ndio Cadbury waliokuwa wakipeleka chokoleti mpya kwenye shule ya Repton ili wanafunzi wazionje, na mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Roald Dahl. Alikumbuka utamu. Mbegu ilikotoka hakuiuliza.

Filamu ya mwaka 2005 ya Tim Burton ilirudisha msitu na viwavi, na Oompa-Loompa wote wakaigizwa na mtu mmoja, Deep Roy, aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi wenye asili ya India. Kompyuta ikamzidisha mpaka akajaza kiwanda. Sijui kama Burton alifikiria maana yake, lakini mimi nilipomtazama nilikumbuka kwamba Nairobi yenyewe ilikua kando ya reli iliyojengwa na zaidi ya vibarua 30,000 wa mkataba kutoka India. Sura moja kwa watu wote: hivyo ndivyo mwajiri mbaya anavyowaona wafanyakazi wake. Hata hivyo filamu hiyo ina jambo moja la busara. Mwishoni tunagundua kwamba msimulizi wa hadithi nzima alikuwa Oompa-Loompa. Amekuwa na sauti muda wote, ila hakutusimulia habari zake.

Ilibidi tungoje mwaka 2023. Katika Wonka, filamu ya Paul King, Willy Wonka mwenyewe ndiye anayenaswa: hajui kusoma, anatia sahihi mkataba wa nyumba ya kulala wageni bila kujua maandishi madogo, na anajikuta anafua nguo chini ya ardhi kulipa deni lisilolipika. Na Oompa-Loompa anayetokea ni mdai. Wonka alichukua kakao kisiwani kwao bila kuomba, naye amekuja kudai chake mara elfu. Baadhi ya waigizaji wafupi walilalamika, kwa haki, kwamba nafasi hiyo alipewa Hugh Grant na kupunguzwa kwa kompyuta. Lakini kwa mara ya kwanza swali limeulizwa ndani ya hadithi: kakao hii ni ya nani, na nani anamdai nani?

Swali hilo linatuhusu sisi tunaoishi ugenini kuliko wasomaji wengine. Wapo dada zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za ndani Ghuba chini ya kafala, ambao mikataba yao walisomewa na wengine na pasi zao zikashikwa na mwajiri. Wao wanajua maana ya nyumba nzuri yenye lango lisilofunguka.

Kwa hiyo sisemi watoto wanyang'anywe kitabu. Wasome, wacheke, wamlilie Charlie. Mzazi akae karibu, na wakifika kwenye mto wa chokoleti aulize: hawa wanaoimba wanalipwa nini, na wakitaka kurudi kwao watapita wapi? Mtoto aliyefundishwa na Charlie kuijua njaa hatashindwa kujibu. Kitabu chenyewe kimemfundisha, hata kama mwandishi wake alikomea langoni.

Wasalaam.