"Tumeshinda, Wamefungwa": Nafsi katika Mjadala wa Mashabiki wa Juba

Uhakiki, kwa mazoea ya madarasa yetu, ni kazi ifanywayo juu ya kitabu. Mwanafunzi husoma riwaya au diwani, akachambua fani na maudhui, kisha akatoa hukumu yake. Lakini uko uhakiki mwingine usiongojea kitabu wala mwalimu, nao hufanywa kila wiki, kwa sauti kubwa, na watu ambao pengine hawajapata kuliona neno lenyewe likiandikwa. Huo ni mjadala wa mashabiki wa mpira baada ya mechi. Kazi ya kuhakikiwa wanayo, yaani mchezo uliokwisha; vigezo wanavyo; na hukumu hawachelewi kuitoa. Katika makala haya tunakusudia kuutazama mjadala huo kama unavyofanywa katika mji wa Juba, hasa juu ya mechi mbili za mtoano ambazo timu ya taifa ya Sudani Kusini ilicheza na Mauritania mwezi wa Oktoba 2015. Tutauhakiki kwa upande mmoja tu, upande wa nafsi. Tunauliza: katika maneno ya shabiki, ni nani anayeshinda, na ni nani anayefungwa?

Kwa faida ya wasomaji walio mbali na Juba, yafaa kwanza tueleze habari ya timu yenyewe. Sudani Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Mwezi wa Mei 2012 ikakubaliwa kuwa mwanachama wa FIFA, na tarehe 10 Julai mwaka huo huo, mwaka mmoja na siku moja baada ya uhuru, timu yake iitwayo Bright Stars ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa, mjini Juba, ikatoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Uganda. Baada ya hapo mashabiki walingoja zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuonja ushindi. Ulipatikana tarehe 5 Septemba 2015, mjini Juba, kwa bao moja la Atak Lual dhidi ya Guinea ya Ikweta, nchi ambayo mapema mwaka huo ilikuwa mwenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika na kufika nusu fainali. Mwezi mmoja baadaye wakaja Mauritania, katika raundi ya kwanza ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 2018. Ilikuwa mechi ya nyumbani na mechi ya ugenini. Atakayeshindwa kwa jumla ya mabao, safari yake imekwisha.

Sasa na tuiangalie lugha. Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kukaa kando ya mashabiki, iwe ni wa Simba na Yanga mjini Dar es Salaam au wa Gor Mahia mjini Nairobi, anajua kwamba timu ikishinda, shabiki husema "tumeshinda". Ikifungwa, aghalabu husema "wamefungwa". Mtu ni yule yule, timu ni ile ile, pengine na kofia yenye rangi za timu ingali kichwani. Kilichobadilika ni silabi moja tu, *tu-* imekuwa *wa-*. Na yuko wa tatu, ambaye uchungu wake ni mkubwa zaidi au moyo wake umepoa zaidi. Huyu husema "imefungwa", kana kwamba timu ni kiti au meza, kitu kisicho na nafsi kabisa. Katika lugha nyingine mabadiliko haya yangeweza kumpita msikilizaji. Katika Kiswahili hayapiti, kwa sababu katika kauli kama hizi kitenzi chetu hakisimami bila kiambishi cha nafsi au cha ngeli. Msemaji analazimika kuchagua, na akichagua amekwisha kujieleza.

Jambo hili lina uzito wa pekee mjini Juba. Mazungumzo mengi ya mji huo, pamoja na yale ya mpira, huendeshwa kwa Kiarabu cha Juba. Katika lugha hiyo neno la nafsi husimama peke yake mbele ya kitenzi: *anina* ni sisi, *umon* ni wao, na kitenzi chenyewe hakibadiliki. Kiswahili husikika zaidi kwa watu waliokulia au kusomea Kenya na Uganda katika miaka ya vita, na kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki katika masoko kama Konyo Konyo. Tangu nchi hiyo ilipotia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 15 Aprili 2016, haja ya kufundisha Kiswahili imeongezeka. Mwanafunzi anayetoka katika Kiarabu cha Juba huelekea kusema "sisi" kila mara na kukisahau kiambishi. Mjadala wa mpira ni mahali pazuri pa kumwonyesha kwamba kiambishi hicho si pambo la sarufi. Ndicho kinachosema msemaji yuko upande gani.

Turudi kwenye mechi zetu. Tarehe 7 Oktoba 2015, mechi ya kwanza ilianza mjini Juba, na mapema sana kila upande ukawa umepata bao moja. Ndipo mvua kubwa ikanyesha, mchezo ukakatizwa, na dakika zilizobaki zikachezwa siku iliyofuata. Hayakupatikana mabao mengine. Ikawa 1 kwa 1. Fikirini hali ya shabiki usiku ule, mbele ya gilasi ya chai: mchezo haujakwisha, na kwa hiyo hajui bado atumie nafsi gani. Hawezi kusema "tumeshinda", wala "wamefungwa". Katika hali kama hiyo mjadala huwa mzuri kuliko wakati wowote, kwa sababu hauna matokeo ya kuegemea. Inabidi watu wauzungumze mchezo wenyewe: beki ilisimama wapi, kiungo alichelewa wapi, kiwanja chenye maji kitamfaa nani. Na kwa kuwa hakuna aliyekwisha kujitenga, wote husema "tu-": tucheze hivi, tusifanye vile.

Siku chache baadaye, mjini Nouakchott, Mauritania ikafunga mabao 4 bila majibu. Kwa jumla ikawa 5 kwa 1. Hapo ndipo nafsi hubadilika. Hoja zinazosikika baada ya kipigo cha namna hiyo ni za aina mbili, na mhakiki hana budi kuzitenganisha. Aina ya kwanza huutazama mchezo. Kwa mfano, yuko atakayesema kwamba mtoano huu haukupotea Nouakchott bali ulianza kupotea Juba: katika sheria za wakati ule bao la ugenini lilikuwa na uzito zaidi jumla zikilingana, na kwa hiyo, baada ya sare ya 1 kwa 1 nyumbani, hata 0 kwa 0 kule ingewapitisha Mauritania. Ilibidi Bright Stars iende kutafuta bao, na anayetafuta bao ugenini huacha nafasi nyuma yake. Hiyo ni hoja yenye sababu na ushahidi; tungeisoma katika insha ya mwanafunzi, tungeipa alama nzuri. Aina ya pili haiutazami mchezo, inatafuta mtu. Ni kosa la wachezaji waliotoka ng'ambo, au la wale wa nyumbani. Ni kosa la aliyewachagua. Ni kosa la "wale". Hapa *wa-* ya "wamefungwa" imezaa "wale", na "wale" akishazaliwa, mjadala si wa mpira tena.

Kuna na jambo la kitenzi. Mashabiki huchanganya "kufungwa" na "kushindwa", na lugha yenyewe inawasaidia kuchanganya. "Kufungwa" ni kupata kipigo, nacho kina tarehe na idadi ya mabao. "Kushindwa" kuna maana mbili: kupoteza shindano, na kutoweza kabisa. Mtu husema "wameshindwa" akimaanisha ile maana ya kwanza, lakini msikilizaji huipokea ile ya pili, na jibu lake huwa "hawawezi". Kutoka "hawawezi" hadi "hatuwezi" si mbali, na hapo nafsi ya kwanza hurudi, lakini imerudi kwa aibu. Hivyo mabao 4 ya jioni moja yanageuzwa kuwa tabia ya taifa zima. Kwa timu ambayo mwezi mmoja kabla ilikuwa imeifunga Guinea ya Ikweta, hukumu hiyo haikuwa kali tu. Haikuwa ya kweli.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunaikuza silabi moja namna hii. Jibu letu ni kwamba mjini Juba neno "sisi" si neno jepesi. Vita vilizuka katika mji huo mwezi wa Desemba 2013, na katika vita vile swali la nani ni "sisi" na nani ni "wao" lilikuwa swali la uhai na kifo. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mjini Juba na Rais Salva Kiir tarehe 26 Agosti 2015. Siku kumi baadaye timu ikapata ule ushindi wake wa kwanza, na watu waliotoka kila upande wa nchi wakaweza kusema neno moja, "tumeshinda", bila ya yeyote kumwuliza mwenzake anatoka wapi. Amani ile haikudumu. Mapigano yalizuka tena Juba mwezi wa Julai 2016. Hatudai kwamba mpira unaleta amani. Tunasema tu kwamba mahali ambapo "sisi" ilikuwa imepasuka, shabiki anayeitupa kila mara timu inapofungwa anatupa kitu kilichopatikana kwa shida.

Kuna hoja moja dhidi yetu ambayo hatuna budi kuijibu. Mtu anaweza kusema kwamba shabiki asemaye "wamefungwa" ndiye msema kweli, kwa maana hakuwako uwanjani, hakupiga mpira hata mmoja. Wa uongo ni yule asemaye "tumeshinda". Na zaidi, mhakiki anahitaji kusimama mbali kidogo na kazi anayoihakiki. Tunakubali. Ila twauliza: ikiwa ndivyo, mbona siku ya ushindi hakusema "wameshinda"? Ubaya haumo katika *tu-* wala katika *wa-*. Umo katika kubadilisha nafsi kwa kufuata matokeo, kama mfanyabiashara anayegawana faida na wenziwe lakini hasara akawaachia.

Kiswahili, hata hivyo, kina njia ya tatu, na mashabiki wenyewe ndio walioigundua. Wengine husema: "Vijana wetu wamefungwa." Tuichunguze sentensi hii fupi. Kitenzi kina *wa-*, na kwa hiyo msemaji amesimama pembeni, anaweza kuona na kulaumu. Lakini nomino ina *-etu*, na kwa hiyo hajatoka katika jamaa. Humo mna umbali wa mhakiki na undugu wa shabiki kwa pamoja. Ajaye na "vijana wetu wameshinda" na "vijana wetu wamefungwa" kwa sauti ile ile, huyo tungependa kumsikiliza anapoeleza sababu.

Mtihani wa *-etu* hiyo umeendelea. Baada ya 2015 iko miaka ambayo timu ilicheza mechi zake za "nyumbani" katika nchi za wengine. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje achezaye kwao kwa watu? Uwanja wa Juba ulipotumika tena kwa mashindano ya Kombe la Dunia, tarehe 11 Juni 2024, mgeni alikuwa Sudani, nchi ambayo hadi 2011 ilikuwa ni "sisi" moja na Sudani Kusini kwa mujibu wa ramani. Sudani ikashinda kwa mabao 3 bila. Ilikuwa rahisi sana jioni ile kuwageukia wachezaji na kuwaita "wale". Aliyesema bado "vijana wetu" alikuwa amehitimu.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi moja. Mpeni kila mwanafunzi mechi ambayo timu yake ilifungwa, aisimulie katika aya tatu kwa nafsi ya kwanza wingi tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuiacha pale bao linapoingia. Kisha aiandike upya kwa nafsi ya tatu, akitoa kwa kila lawama sababu inayoonekana uwanjani. Ataona mwenyewe ni lawama ngapi zinazobaki. Atakuwa amejifunza viambishi, na amejifunza pia uhakiki.

Methali yetu yasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kawaida tunaifundisha kana kwamba inamhusu mchezaji peke yake. Mjadala wa Juba unatuonyesha kwamba inamhusu pia yule aliyekaa kando na gilasi yake ya chai. Naye yumo mashindanoni, na ataonekana amekubali siku atakaposema, bila kuulizwa, "tumefungwa", kisha akaendelea kueleza kwa nini.