Barafu ya Ndizi: Kazi Kubwa Huisha Kabla ya Friza

Chukua barafu mbili kutoka deli moja la muuzaji wa mjini Kahama: moja ya maji, sukari na rangi, nyingine ya ndizi mbivu. Mpe mtoto zote mbili, kisha tazama. Ile ya rangi akiinyonya mara chache, sukari inakwisha na mkononi kinabaki kipande cheupe kisicho na ladha. Ile ya ndizi inabaki na ladha yake hadi kwenye kijiti. Zote mbili zimetoka friza moja, kwa umeme uleule. Zilitofautiana kabla hazijaingizwa humo.

Tuanze na lile pande jeupe. Maji yanapoganda hutengeneza chembe za barafu tupu. Sukari na rangi hazina nafasi ndani ya chembe hizo, kwa hiyo husukumwa pembeni na kubaki kwenye utomvu mzito uliojibana kati ya chembe na chembe. Barafu ikiganda polepole, chembe hukua, njia kati yake hupanuka, na mnyonyaji huvuta utomvu wote kwa mkupuo. Anayetaka barafu yenye ladha mpaka mwisho anahitaji kitu cha kuyashika maji yasitembee ovyo. Katika ndizi mbivu kitu hicho kimo tayari: pektini na nyuzinyuzi za nyama yake huufanya mchanganyiko uwe mzito, nao uzito huo huzuia chembe kukua.

Hapo ndipo uchaguzi wa ndizi unapokuwa hatua ya kwanza ya ufundi. Kanda ya Ziwa imebahatika. Geita inapakana na Kagera, kwenye migomba, na wilaya yake ya Chato ilikuwa sehemu ya Kagera hadi mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Mikungu husafiri kwa lori kutoka huko kuja Katoro, Geita mjini, Kahama na Shinyanga, na njiani hugongana, huchubuka na kuiva kwa kasi. Ndizi yenye madoa meusi humkimbiza mnunuzi wa mezani, na jioni muuzaji hushusha bei asilale nayo. Kwa mtengeneza barafu, hiyo ndiyo ya kuwahi. Ndizi mbichi huwa na wanga wa karibu asilimia 20. Inapoiva, karibu wanga wote hugeuka sukari. Kwa hiyo ganda lililojaa madoa ni dalili kwamba kazi ya kutia utamu imeshafanyika bure.

Kisukari ndiyo inayofaa zaidi: tamu, laini, ganda jembamba. Mtwike nayo inafaa ikiiva sawasawa. Mzuzu iache kwa kukaanga, kwa sababu hata ikiiva hubakiwa na wanga mwingi, na barafu yake huwa nzito mdomoni. Ndizi iliyooza, yenye harufu ya pombe au ukungu, haihusiki hapa. Madoa kwenye ganda ni jambo moja, nyama iliyogeuka maji ni jambo jingine.

Sasa jikoni. Kwa kundi dogo la kuanzia, chukua gramu 600 za ndizi zilizomenywa, yaani kisukari kama 10 kutegemea ukubwa, maji mililita 300, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi kiasi cha kuguswa kwa vidole viwili, na vijiko viwili vya maji ya ndimu. Chemsha maji pamoja na sukari na chumvi, tumbukiza vipande vya ndizi, yaache yachemke kwa dakika 3, kisha epua. Saga kwa blenda, au ponda kwa mwiko na kupitisha kwenye chujio. Ndizi iliyochemshwa hupondeka bila shida. Ndimu itie mwishoni.

Kila kitu hapo kina sababu. Ndani ya ndizi kuna kimeng'enya ambacho, nyama ikikatwa na kukutana na hewa, huigeuza kuwa ya kahawia. Joto la kuchemsha hukiua, na uchachu wa ndimu hukizuia kilichosalia. Bila hatua hizo barafu hutoka na rangi ya udongo, na hakuna mtoto atakayeinunua hata kama ni tamu. Sukari nayo ina kazi mbili. Ulimi uliopoa hauhisi utamu vizuri, kwa hiyo mchanganyiko ukiwa wa vuguvugu uwe mtamu zaidi kidogo kuliko unavyoutaka. Pili, sukari hushusha kiwango cha kuganda. Kwa vipimo hivi, sukari ya ndizi na ya kuongeza hufika kama asilimia 10 ya mchanganyiko au zaidi kidogo. Ikiwa chini sana ya hapo, barafu inakuwa jiwe. Ikizidi sana, haigandi vizuri na inamwagika mkononi kabla mtoto hajafika nyumbani.

Maji yenyewe yanastahili aya yake. Tangu mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga uzinduliwe mwaka 2009, mijini maji ya bomba si adimu kama zamani. Lakini kwenye machimbo madogo na vijiji vya pembeni, wengi bado hutegemea visima na madimbwi. Baridi ya friza haiui vijidudu vyote. Vingi hulala tu, vikaamka tumboni. Kanda ya Ziwa inakijua kipindupindu, na barafu ya maji mabichi ni njia yake rahisi. Chemsha, bila mjadala.

Kuna hatari nyingine ya hapa kwetu ambayo kuchemsha hakuiondoi: zebaki. Palipo na maduara ya wachimbaji wa dhahabu na mialo ya kuchenjulia, karai au ndoo iliyowahi kuoshea dhahabu isirudi jikoni kamwe, hata ingesuguliwa kwa majivu na sabuni. Maji ya mashimo yaliyo karibu na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, nayo yasitumike. Vyombo vya barafu viwe vya barafu tu, na vitengwe mbali na vifaa vya kazi ya mgodini.

Mchanganyiko ukiwa tayari, pupa huanza: kuutia ndani ya friza ungali wa moto. Hapa Mtanzania hukumbuka jina la Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliweka maziwa ya moto kwenye friza kwa kuhofia kukosa nafasi, nayo yakaganda mapema kuliko ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne waliandika makala ya kisayansi kuhusu jambo hilo, na wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu lini hutokea na kwa nini. Ni fahari yetu, ila usiifanye kuwa kanuni ya biashara. Hesabu ya joto ni hii: kuigandisha kilo moja ya maji yaliyofika nyuzi 0 kunahitaji kuondoa kilojuli 334. Kuyashusha maji hayohayo kutoka nyuzi 80 hadi 0 kunahitaji takriban kilojuli 335. Maana yake, ukiingiza mchanganyiko wa nyuzi 80, umeipa friza mzigo maradufu kuliko wa ule uliokwisha kufika nyuzi 0, na uniti za LUKU zinakatwa kwa mzigo huo. Isitoshe, joto hilo linalainisha barafu za jana zilizo pembeni. Weka sufuria ndani ya beseni la maji ya kawaida, badilisha maji mara moja au mbili, na sehemu kubwa ya upoezaji huo itakuwa imefanyika bila umeme.

Kisha umbo. Muda wa kuganda huongezeka karibu kwa mraba wa unene: kikombe chenye unene wa sentimeta 6 huhitaji muda kama mara nne wa kifuko chenye unene wa sentimeta 3. Kuganda haraka kunaleta chembe ndogo, na chembe ndogo ndiyo barafu laini. Kwa hiyo tumia vikombe vyembamba, vipange vigusane na sakafu au ukuta wa friza, usivirundike. Acha nafasi juu, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Chombo cha kioo kinaweza kupasuka. Kijiti kisimamishe mchanganyiko ukishaanza kuwa mzito, la sivyo kitalala ubavu. Vijiti vya mishikaki vinafaa vikikatwa ncha.

Mwisho kuna umeme kukatika. Friza iliyojaa isipofunguliwa huweza kutunza baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, kama 24. Anayetaka kinga zaidi ajaze chupa za plastiki maji ya chumvi, gramu 100 za chumvi kwa mililita 900 za maji, na kuacha nafasi juu. Maji hayo huanza kuganda kwenye kama nyuzi 6.5 chini ya sifuri, wakati barafu ya ndizi huyeyuka zaidi ikikaribia nyuzi 1 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, chupa huyeyuka kwanza na kumeza joto ambalo lingeharibu mzigo wako. Chupa hizohizo huingia ndani ya deli, na muuzaji anatembea nalo mchana wa Septemba, jua likivuka nyuzi 30, bila kukimbizana na matone. Barafu ikishayeyuka, isirudishwe friza: chembe zake zitakua kubwa, na vijidudu vimeshapata muda.

Ukijumlisha yote, ndizi iliyoshushwa bei, sukari kidogo, ndimu moja au mbili na beseni la maji vinafanya kazi ambayo wengi huiachia friza peke yake. Anayeanza asikimbilie kununua friza kubwa. Aanze na chane moja ya kisukari yenye madoa, avishike vipimo, na apoze kabla ya kugandisha. Barafu ikitoka laini na ladha ikafika kwenye kijiti, hapo ndipo afikirie kuongeza mtaji.