Muwa wa Pingili Nane

Simu imelazwa chali juu ya vibao viwili, kioo juu, kamera ikichungulia chini kwenye mwanya uliobaki katikati. Vibao vimeshikwa na matofali, matatu kila upande wa meza. Chini ya kamera pana karatasi nyeupe, na juu ya karatasi, muwa wa pingili nane. Dirisha liko kushoto. Mwalimu anatumia mkono wa kulia, naye alishajifunza, kwa kurudia kazi mara nyingi, kwamba nuru ikiingilia kulia kivuli cha mkono kinameza kile kile anachotaka kionekane.

Tuko Mabwerebwere, asubuhi, kabla bodaboda hazijaanza kupita. Nimepewa kigoda pembeni na kuombwa nisikohoe. Somo ni sehemu, Hisabati ya darasa la tatu. Anakata pingili tatu, anazisogeza kando, anauliza: "Nimeondoa tatu kati ya nane. Zimebaki ngapi?"

Halafu ananyamaza. Kidole chake kinagonga paja mara tano, taratibu, nje ya picha. Mara ya tano ndipo anapojibu.

Nimekuja kwa ajili ya ukimya huo. Mwalimu huyu alisomea Chuo cha Ualimu Ilonga, hapa hapa wilayani Kilosa, akazoea darasa lenye macho. Huyu anatafuna penseli, yule anatazama dari, na mwalimu anajua papo hapo kwamba mfano umekataa, atafute mwingine. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, macho hayo yakaondoka. Rekodi zake za kwanza bado anazo, na alinisikilizisha moja bila kuona haya. Anauliza swali na kulijibu kwa pumzi ile ile. Mtoto wa upande wa pili hana pa kuingilia.

Kila mwalimu nchini anaijua fomu ya andalio la somo yenye safu ya kazi ya mwalimu na, kando yake, safu ya kazi ya mwanafunzi. Darasani safu hiyo ya pili hujijaza yenyewe kwa kelele na mikono iliyonyooshwa. Kwa anayefundisha kwa simu, ni lazima ijengwe. Katika daftari lake safu ya mwanafunzi sasa ina namba: hapa sekunde tano, hapa kumi za kuchora, hapa asimamishe video akaonyeshe aliye nyumbani. Mkufunzi wake katika kazi hii mpya ni daftari hilo, pamoja na walimu wenzake. Chini ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, wanakutana shuleni katika jumuiya ya kujifunza, wanasikiliza somo la mmoja wao na kulichambua.

Wenzake ndio waliomkamata kwenye vioneshi. Kaya nyingi zina kitochi tu, hivyo kila somo hutengenezwa mara mbili, video kwa wenye simu janja na sauti kwa wengine. Kwenye sauti alikuwa akisema "hii hapa", "ile pale", "kama mnavyoona". Mtoto haoni kitu. Ilimbidi avunje mazoea ya miaka, kila "hii" iwe "pingili ya kwanza", kila "pale" pawe na jina. Jaribu mwenyewe kueleza njia ya kwenda kisimani bila kunyoosha kidole, utaona uzito wa kazi hiyo. Na ukimya nao hubadilika. Kwenye video sekunde tano ni za kufikiri. Kwenye sauti tupu mtoto hudhani somo limekatika. Kwa hiyo mwalimu hugonga meza polepole, au humtuma: "Toka nje, okota vijiwe vinane. Nakusubiri." Naye humsubiri kweli, akiimba kwa sauti ya chini.

Ufundi huu una wazee wake. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto aingie shule ifikapo Novemba 1977, vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu vijijini mwao kwa miaka mitatu, huku wakiwa tayari wanashika chaki. Walisoma vitabu vilivyotumwa kutoka mbali, wakafuata vipindi vya redio, wakatembelewa na wakufunzi, kisha wakaenda chuoni kwa majuma machache ya mwisho. Zaidi ya 35,000 walifuzu. Waliitwa walimu wa UPE, yaani wa Elimu ya Msingi kwa Wote, mara nyingi kwa kejeli, na kejeli hiyo naiona dhuluma. Kwa sehemu kubwa walijifunza kufundisha kutoka kwa walimu wasiowaona, jambo ambalo leo tunalishangaa kana kwamba limeletwa na intaneti.

Ule ukimya nao ulishachunguzwa. Marekani, miaka ya 1970, mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza. Kwa kawaida haukuzidi sekunde moja. Walipouvuta hadi tatu, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Mwalimu wa Mabwerebwere hakuwa amelisikia jina hilo nilipomtajia. Tano alizipata kwa mwanawe, alipomkalisha mbele ya video na kuhesabu mpaka midomo ya mtoto ilipocheza.

Somo zima halizidi dakika sita, kwa sababu bando la mzazi lina mwisho. Kwa dakika hizo sita ametumia jioni mbili na asubuhi hii. Anachukua simu, anasikiliza tangu mwanzo, kichwa kimeinama. Dakika ya nne anasikia sauti yake ikisema "tunachukua hii". Anafuta yote.

Mlangoni watoto watatu wanangoja pingili zilizokatwa. Anawagawia, anapangusa kisu, anachukua muwa mwingine kwenye kona na kuanza kuhesabu pingili.