Mwinuko Husomwa kwa Magoti

Anayetoka Kitale kwenda Moi's Bridge kwa matatu hana habari na miinuko iliyo kati ya miji hiyo miwili. Injini huimeza kabla abiria hajaitambua. Mwenye baiskeli ndiye anayeijua: kila mita inampitia magotini, na njia ikiwa mbaya kifua humwambia papo hapo. Ndiyo sababu naamini kwamba kazi ya watu waliopitisha tawi la reli kutoka Leseru hadi Kitale haiwezi kuthaminiwa sawasawa na mtu aliyeketi akibebwa. Lazima uikanyage mwenyewe, pedali kwa pedali.

Tawi hilo lilifika Kitale mwaka 1926. Reli kuu ilikuwa imefika Eldoret miaka miwili kabla, baada ya kuvuka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Eldoret ilishuka kupitia Leseru, Turbo, Webuye, Bungoma na Malaba, ikafika Kampala mwaka 1931. Trans Nzoia iliachwa kando ya safari hiyo, na walowezi waliokuwa wamegawiwa mashamba huko baada ya Vita Kuu vya Kwanza walitaka njia ya kutolea mahindi yao. Wakapata tawi la kilomita 65 hivi, lenye stesheni Soy na Moi's Bridge kabla ya kuishia Kitale. Kisha ukaja wakati wa malori, na reli ikalala kwa miaka mingi. Nyasi zikafunika vyuma. Ng'ombe wakafungiwa kamba pale pale mabehewa yalipokuwa yakipita.

Katikati ya reli hapaendeki kwa baiskeli. Mataruma ya chuma na kokoto hutikisa mpaka mikono ife ganzi, na rimu haitadumu. Unapita kando, juu ya bega la tuta, kwenye ujia uliochongwa na miguu ya watoto wa shule na wauza maziwa. Ujia huo ni mwembamba, na upande mmoja una mteremko wa kukuangusha kwenye mahindi ya mtu, basi macho yatazame mbali kidogo, si kwenye gurudumu la mbele. Unapokutana na mama mwenye mzigo kichwani, wewe ndiye unayeshuka. Njia ni yake zaidi kuliko yako.

Baada ya muda mfupi miguu hugundua jambo la ajabu: hakuna mlima. Unajua kabisa kwamba unapanda, maana Kitale iko karibu mita 1,900 na umeona vilima mbele yako, lakini hupati mahali pa kusimama juu ya pedali. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo sana. Barabara ya magari inaweza kupanda mita nane katika kila mita mia na dereva asilalamike; kwa treni yenye shehena, hata mita mbili katika mia ni mzigo mzito. Kwa hiyo mpimaji wa reli hakuwa na ruhusa ya kupambana na kilima. Alikizunguka, akakifuata ubavuni, akatafuta mahali kilipojishusha chenyewe, na ndipo akapigilia vigingi vyake. Mikunjo ambayo abiria wa zamani labda aliiona kuwa uvivu wa treni ni hesabu tupu, na mwendesha baiskeli huipata hesabu hiyo ikiwa tayari imeshakokotolewa, pumzi yake ikiwa sawa mwanzo hadi mwisho.

Mahali ambapo kilima kilikataa kuzungukwa, kilikatwa. Hapo ndipo napenda kupunguza mwendo. Unaingia, na kuta za udongo mwekundu zinainuka pande zote mbili hadi kupita kichwa. Upepo unakatika. Mizizi ya miti inaning'inia juu, na ukitazama vizuri ukuta unaona tabaka: udongo mweusi wa shamba, kisha mwekundu, kisha ule mgumu wenye changarawe uliowachosha watu. Unatoka mkatoni, na hapo hapo unajikuta juu ya tuta, mashamba yakiwa chini yako kushoto na kulia. Udongo uliokosekana nyuma ndio unaokubeba mbele. Walichimba hapa wakajaza pale, na sanaa yote ilikuwa kuufanya udongo wa mkato utoshe tuta, usibaki wala usipungue. Chini ya tuta kuna kalavati. Simama, ulaze baiskeli, ushuke uione. Maji bado yanapita katikati yake, hayaligusi tuta, ingawa ni karibu karne moja tangu lijengwe.

Nani alifanya kazi hii? Daraja la mto Nzoia lilibeba jina la Hoey, mlowezi na mwindaji, kisha likabeba jina la Moi, na mji ukaitwa hivyo pia. Waafrika walioshika sururu na jembe hawana hata kalavati moja lenye majina yao. Wala wale wa baadaye hawana, watu wa gengi walioishi kwenye landhi za reli, waliotembea kipande chao cha njia na nyundo begani, wakigonga kabari za chuma zilizolegea kwenye mataruma na kushindilia kokoto palipobonyea. Jambo hili linaniuma. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachotokea, na mtu wa namna hiyo husahaulika upesi mno.

Wapo wanaouliza mahandaki yako wapi, kwa sababu wameona picha za Pennsylvania, Marekani. Huko kuna kipande cha barabara kuu cha kilomita 21 hivi kilichoachwa mwaka 1968 baada ya magari kuhamishiwa njia mpya, na waendesha baiskeli huenda na taa zao kupita mahandaki mawili yenye giza totoro, Rays Hill na Sideling Hill. La pili lina urefu wa kilomita mbili na kidogo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mahandaki hayo yalianza kuchimbwa miaka ya 1880 kwa ajili ya reli ambayo haikumalizika. Barabara ilirithi mwinuko wa reli, na baiskeli ikarithi mwinuko wa barabara. Ufundi ule ule, mikono mitatu.

Uwanda wa Trans Nzoia haukumlazimisha mtu kutoboa mlima. Anayetaka kuingia tumboni mwa mlima akate magharibi, apite Endebess hadi lango la Chorlim la Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon. Baiskeli yake imngojee. Mapango ya Kitum na Makingeni hufikiwa kwa miguu. Kitum limeingia kiasi cha mita 200 ndani ya mlima, na wachimbaji wake ni tembo, ambao vizazi na vizazi wamekuja usiku kuchimbua kuta kwa pembe wakitafuta chumvi. Joseph Thomson alipofika upande wa kusini wa Elgon mwaka 1883 aliwakuta watu wakiishi mapangoni na mifugo yao, akadhani mashimo hayo yalichimbwa na binadamu. Ndani kuna popo, na historia ya ugonjwa hatari wa Marburg uliohusishwa na Kitum miaka ya 1980 inatosha kumfanya mtu afuate ushauri wa walinzi wa mbuga bila ubishi.

Narudi kwa baiskeli, kwa sababu ufundi wa njia hausomeki bila ufundi wa gurudumu. Huku kwetu baiskeli ya safari bado ni ile nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma na keria pana, ambayo kila mtu anaiita blakmamba. Ndiyo iliyoanzisha boda boda mpakani Busia, na ndiyo iliyobeba miwa, mkaa na mitungi ya maziwa ya Bungoma nzima kabla serikali haijaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Pikipiki zimejaa, lakini fundi wa baiskeli bado yuko chini ya mti wake.

Mtazame akinyoosha rimu. Anaipindua baiskeli, tandiko na usukani vikae chini, anazungusha gurudumu la nyuma lenye spoki 40 (la mbele lina 32), na kushikilia kipande cha chaki karibu na rimu. Rimu ikipinda, inajichora yenyewe. Pale palipochorwa analegeza spoki za upande ule robo mzunguko, anakaza za upande wa pili robo mzunguko, anazungusha tena. Halafu anazipigapiga kwa kidole, moja baada ya nyingine, na zinalia kama nyuzi za litungu. Iliyolegea inajitaja kwa sauti nzito. Niliwahi kumhimiza fundi mmoja wa Kiminini akaze tu twende. "Wacha haraka, ndugu yangu," alinijibu bila kuinua uso. "Ukiivuta kwa nguvu hapa, itakulipisha huko Kamukuywa." Ni kanuni ya mpimaji wa reli hasa: huwezi kuongeza upande mmoja bila kupunguza mwingine, na aliyefanya vizuri huacha gurudumu linalozunguka bila mtu kuliwazia.

Kutoka Kitale hadi Bungoma hakuna reli ya moja kwa moja. Ukifuata vyuma itakubidi urudi mpaka Leseru, na huko utaikuta reli kuu inayopitisha mizigo ya Malaba; hapo usithubutu kucheza kando yake. Mimi hushika barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye. Njia inashuka karibu mita 500 kabla ya kufika Bungoma, lakini inashuka kwa pupa, ikipanda tena baada ya kila mto, na magoti yanaanza kulilia lile tuta la Moi's Bridge. Hapo Webuye unakutana tena na Nzoia, safari hii mto ukianguka kwenye maporomoko yake, chini ya kilima cha Chetambe ambako Wabukusu walipigana na Waingereza kwenye ngome mwaka 1895.

Nina ombi moja. Wanafunzi wa ujenzi wa Kitale National Polytechnic, na wenzao wa chuo cha Sang'alo kule Bungoma, wapelekwe kwenye tawi lile kwa baiskeli, wawe na kamba, pima maji na daftari. Wapime mkato mmoja na tuta linaloufuata, wahesabu udongo. Wafungue kalavati moja lililoziba. Kabla ya kurudi, wawatafute wazee waliofanya kazi ya gengi, ambao huenda wengine bado wako hai katika miji ya tawi hilo, wawaulize majina ya wenzao na kuyaandika.