Istilahi "Barua Taka" na Upungufu Wake

Katika makala haya tunakusudia kuipima istilahi moja ambayo imekwisha kuenea katika programu za kompyuta na simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, nayo ni "barua taka". Istilahi hii ina sifa njema: ni fupi, hutamkika bila shida, na muundo wake wa nomino mbili ni ule ule wa "barua pepe" ambao umma umeupokea. Hata hivyo, istilahi haipimwi kwa ufupi peke yake. Hupimwa pia kwa namna inavyomwongoza mtumiaji kukitambua kitu kinachotajwa. Kwa kipimo hicho twaona kuwa "barua taka" ina upungufu, na kwamba upungufu huo waweza kumgharimu mwananchi fedha zake.

Kwanza tuitazame asili ya dhana yenyewe. Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hapa lilikuwa jina la nyama ya kopo, Spam, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza ulilirudiarudia jina hilo hata likazima mazungumzo yote mengine, na kutokana na mzaha huo watumiaji wa kompyuta wakalichukua kuita barua zinazomiminwa kwa wingi. Barua ya biashara ya namna hiyo inayotajwa kuwa ya kwanza ilipelekwa Mei 1978 na Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital, kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo mmoja. Barua ile iliwaalika kwenye maonyesho ya mashine halisi za kampuni halisi. Haikuwa takataka, lililowaudhi wapokeaji ni kwamba hawakuiomba. Ni dhahiri, basi, kwamba kiini cha dhana ni mambo mawili: wingi, na kukosekana kwa ridhaa ya mpokeaji. Neno "taka" halitaji hata moja kati ya hayo. Latoa hukumu juu ya thamani ya barua, hukumu ambayo mpokeaji hawezi kuitoa mpaka awe ameisoma.

Pengine msomaji atasema kuwa huu ni ubishi wa wanaistilahi tu. La hasha. Tuchukue mfano wa milima ya Uluguru, ambako wananchi wengi hawana haja ya barua pepe, lakini simu wanazo, na ujumbe usioombwa huwafikia kwa njia hiyo. Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo, hulimwa mboga zinazoteremshwa Morogoro mjini na kupelekwa Dar es Salaam. Katika biashara ya namna hii mzigo waweza kutangulia na malipo yakafuata. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, malipo yaweza kupanda mlima kwa simu, na mkulima naye aweza kumlipa mchukuzi au mwuza pembejeo kwa njia hiyo hiyo. Katika hali hii huingia ujumbe ambao Watanzania wengi wanaujua: "Ile hela tuma kwenye namba hii."

Tuutazame ujumbe huo kwa jicho la sarufi. Nguvu yake yote imo katika neno moja, "ile". Kionyeshi hiki, kinapotumiwa hivi, hurejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji wamekwisha kulizungumza. Mlaghai hajazungumza lolote na mpokeaji. Anaazima mazungumzo ya watu wengine. Hajui nani anadaiwa, wala hana haja ya kujua. Akiupeleka kwa maelfu ya watu, wengi wataupuuza, lakini mmoja ambaye kweli alikuwa anajiandaa kumlipa mtu jioni ile atadhani ni yule yule. Kwa huyo, ujumbe si taka hata kidogo. Ndio ujumbe aliokuwa akiungojea. Tukimfundisha kwamba cha kuogopwa ni "taka", tumemfundisha kutafuta uchafu mahali ambapo hautaonekana.

Wakulima wa mpunga wa Dakawa na Kilombero, mkoani humo humo Morogoro, wanazo kazi mbili ambazo zingetufaa katika kuigawa dhana hii. Kazi ya kwanza ni kupepeta. Pepe, yaani punje isiyo na kitu ndani, ni jepesi. Ungo na upepo hulitenga. Kazi ya pili ni kuchambua. Changarawe haipeperuki, kwa kuwa ni nzito kama punje za mchele wenyewe. Hutolewa kwa jicho na vidole, na ikiachwa huvunja jino. Matangazo ya ovyo ni mapepe, na chujio la kompyuta laweza kuyatenga kwa sehemu kubwa. Barua ya ulaghai ni changarawe: imefanywa kusudi ifanane na barua ya benki, ya mwajiri au ya jamaa. Hiyo yahitaji kuchambuliwa na msomaji mwenyewe. Istilahi moja kwa vitu hivi viwili yampa mtu ungo, kisha yamwambia kazi imekwisha.

Upande wa sheria nao wadai uangalifu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, inakataza kuanzisha au kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo inashughulikia matangazo ya biashara yasiyoombwa, na kudai ridhaa ya mlaji, kutajwa kwa mpelekaji, na nafasi ya mpokeaji kukataa matangazo mengine. Kotekote kipimo ni kuombwa na nia, wala si ubora wa maneno. Sasa, kwa kuwa mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mfasiri akiandika "ujumbe taka" katika vifungu hivi atakuwa amebadili kipimo cha sheria bila ya kukusudia, na wakili aweza kudai kwamba ujumbe wa mteja wake ulikuwa na manufaa, kwa hiyo haukuwa taka.

Kutokana na hoja hizo, tunapendekeza mgawanyo ufuatao uzingatiwe na wafasiri:

(a) "Ujumbe usioombwa" (au "barua isiyoombwa") liwe jina la jumla, na litumike katika sheria na nyaraka za serikali.

(b) "Barua taka" ibaki kwa matangazo ya ovyo yanayomiminwa kwa wingi, yale ambayo chujio huyatenga. Umma umekwisha kuizoea, na si busara kuinyang'anya.

(c) "Barua chambo" itumike kwa ile inayojifanya imetoka kwa mtu au ofisi inayoaminika ili kunasa fedha au nywila. Chambo hakionekani kuwa taka; kazi yake ni kuvutia.

Faida ya mgawanyo huu ni kwamba kila jina lina kinga yake. Tangazo la kampuni inayojulikana, mpokeaji aweza kujiondoa katika orodha yake. Barua chambo, kubonyeza hata hilo neno "jiondoe" ni hatari, kwa maana humthibitishia mlaghai kuwa anwani ina mtu. Hapa yafaa kutojibu, kumpigia mhusika kwa namba ya siku zote, na ikiwa ni ujumbe wa simu kutoa taarifa kwa namba 15040 iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mwalimu aweza kuyafundisha haya kwa kuwapa wanafunzi wake sentensi ile fupi yenye "ile", na kuwauliza: ipi? Ofisa wa halmashauri naye, anapoandika tangazo la tahadhari la kubandikwa ukutani, asitosheke kuandika "epukeni barua taka". Mkulima atakayelisoma hana taka katika simu yake. Ana deni la kulipa, na ujumbe unaomwonyesha pa kulilipa.