Ufundi wa Kusimama Njiani

Kusimama njiani ni ufundi wa mtu anayesafiri kikazi, leo na wiki ijayo, kwenye barabara ile ile. Wanaoujua vizuri ni madereva wa malori ya masafa marefu na utingo wao, mawakala wa forodha, wakaguzi wa hesabu, wauzaji wa mbegu na dawa, na maafisa wa afya wanaozunguka vituo vya mashambani. Hawa si watalii. Mtalii ameinunua siku yake. Wao siku yao ni ya mwajiri, na wanachobakiwa nacho ni vipande: gari linasubiri muhuri, mteja amechelewa, tairi linazibwa. Ustadi uko katika kukiona kipande kabla hakijafika, kujua kilicho karibu nacho, na kujua pia pa kupita bila hata kugeuza shingo.

Ukanda wa Bumala, Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, ni shule nzuri ya ufundi huu kwa sababu haujatangazwa sana. Vipeperushi vya utalii humpeleka mgeni Maasai Mara, Amboseli na pwani; vikija magharibi, aghalabu huishia msitu wa Kakamega. Na hapa ndipo barabara mbili kubwa kutoka Mombasa zinapoufikia mpaka: ile ya Eldoret na Bungoma inatokea Malaba, ile ya Kisumu inapita Bumala hadi Busia. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupita humo usiku na mchana. Watu wameuzoea kama ukanda wa foleni, na foleni ni za kweli. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuvuka, msururu wa malori Malaba ulirudi nyuma makumi ya kilomita. Ila foleni ndiyo inayompa dereva muda ambao ratiba ya tajiri wake haikuuweka.

Ufundi wenyewe si wa jana. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili ilifika Wanga, na makao ya mfalme huko, ambayo leo ni mji wa Mumias, yakawa kituo cha kupumzika na kununua chakula. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883 kuelekea Ziwa Victoria, ndiye aliyeandika kitabu akasifiwa, lakini njia iliongozwa na watu wa msafara waliokwisha kuipita kwa kazi. Hata fasihi ya safari ya Kiswahili imeanzia kwa wafanyakazi. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, na miongoni mwa wasimulizi wake ni Selim bin Abakari, Mngazija aliyefika Urusi na Siberia kwa sababu bwana aliyemtumikia alikuwa akienda huko. Hakupanga safari yeye; alichokuwa nacho ni macho yake, na hayo aliyatumia.

Anayetoka Kisumu hukutana kwanza na Maseno, ambako barabara inaikata Ikweta na pana alama ya kuionyesha. Wengi hupiga picha na kuendelea, na hawakosi kitu. Yale maonyesho ya maji yanayozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili, yanayouzwa kwa wageni Nanyuki na Kayabwe, ni kiini macho: nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuamua maji ya beseni yaende wapi. La maana zaidi Maseno ni shule, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906 na kusomesha kina Jaramogi Oginga Odinga. Baada ya hapo huja Luanda, Yala na Ugunja, na msafiri wa kazi huzipita kwa mwendo mmoja.

Bumala ni njia panda. Gari likinyoosha, linakwenda Busia. Likikata kushoto, linashuka Funyula hadi Port Victoria, ziwani. Kwa sababu hiyo samaki wa ziwa na bidhaa za barabara kuu hukutana hapa, na soko lake linasomeka kwa anayejua kusoma soko. Omena zikiwa nyingi na za rangi ya fedha, ziwa limetulia. Zikiwa chache na ghali, pengine mbalamwezi inang'aa, kwani wavuvi wa omena huwavuta samaki usiku kwa taa, na taa haishindani na mwezi mpevu. Kando ya lami, juu ya maturubai na wakati mwingine juu ya mwamba mtupu, huanikwa vipande vya muhogo vilivyovundikwa hadi vikaota ukungu mweusi. Mgeni huvidhani vimeharibika. Ukungu huparuzwa, vipande hukaushwa, husagwa pamoja na mtama au wimbi, na unga huo ndio unaosongwa ugali wa kahawia unaovutika. Mkaguzi wa hesabu anayekula wali hotelini Busia kila mwezi na hajawahi kuuagiza ugali huu amefika kaunti hii kwa risiti tu.

Njia ya kushoto ina thawabu yake kwa mwenye gari dogo. Vilima vya Samia, vinavyoonekana toka mbali upande wa Funyula, vina mawe ya chuma, na wahunzi wa Samia waliyayeyusha na kufua majembe yaliyouzwa mbali na kutolewa mahari muda mrefu kabla ya jembe la kiwandani. Mbele zaidi ni Bunyala, nyanda za chini ambako mto Nzoia unaingia ziwani baina ya kuta za udongo zilizojengwa kuzuia mafuriko. Kuta hizo zimebomoka zaidi ya mara moja na kuzifukuza familia nyingi. Zinastahili kutazamwa pia: mtu akisimama juu ya ukuta huo msimu wa mvua, maji ya mto yako juu kuliko sakafu za nyumba zilizo upande wa pili.

Dereva wa trela haruhusiwi anasa hiyo. Tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda huifuatilia mizigo ya kupita kwa mfumo wa pamoja wa kufuli za kielektroniki, na lori likiacha njia iliyopangiwa, kengele hulia ofisini. Kwa hiyo ufundi wa dereva ni mgumu kuliko wa afisa mwenye gari la ofisi. Yeye huona kile tu kinachoonekana kutoka kitini, au kinachofikika kwa miguu na kwa boda huku utingo akilinda mzigo. Ndiyo maana madereva wa zamani hujua mambo ambayo mwenye gari dogo hayajui: mti gani una kivuli saa nane, kibanda gani mama hupika asubuhi tu, na kilima gani hujitokeza baada ya mvua.

Busia ni mji wa kutazamwa kwa miguu. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi Februari 2018, anayetoka Kenya hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda, chini ya paa moja, na anayerudi hukaguliwa upande wa Kenya. Kazi ya karatasi ikipungua, macho hupata nafasi. Kivutio kikubwa cha mji huu ni magurudumu. Ni mpakani hapa, katika miaka ya 1960, watu walipoanza kubebwa kwa baiskeli kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi nyingine, biashara iliyozaa boda boda zote za Afrika Mashariki. Pikipiki zimetawala sasa, lakini baiskeli za abiria bado zipo. Anayepata dakika chache aichunguze moja. Kiti cha nyuma ni sponji nene juu ya fremu ya chuma, kimeshonewa ngozi ya plastiki na pengine kutiwa vishada pembeni. Chini yake mhunzi ameongeza vyuma viwili vya abiria kukanyagia, na roda ya nyuma imeongezewa nguvu. Ni chombo kilichotengenezwa upya na mafundi wa hapa hapa, na baiskeli iliyotoka kiwandani ilikuwa malighafi tu.

Kando yake hupita vyombo visivyosahaulika: baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono na watu wenye ulemavu wa miguu, zimesheheni shehena nyuma, na vijana wawili wakisukuma. Wenyewe waliigeuza biashara ya kuvusha mizigo kuwa kazi yao, na kwa miaka mingi maafisa wa forodha waliwalegezea kamba. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda wameandika kuhusu wenzao wa Busia ya Uganda. Mpita njia mwenye haraka huona msongamano unaomchelewesha. Aliyejifunza kusimama huona mabingwa wa forodha wanaojua ushuru wa kila gunia kuliko wakala mwenye tai.

Angalizo moja ni la lazima: kamera ibaki mfukoni mpakani. Ni eneo la usalama, na simu iliyoinuliwa mbele ya lango imewaharibia siku wafanyakazi wengi waliotaka kumbukumbu tu.

Malaba, kaskazini ya Busia, ni mji wa malori na reli. Reli ya mita moja iliyopita hapa ilifika Kampala mwaka 1931. Reli mpya ya SGR kutoka Mombasa ilifika Naivasha mwaka 2019, bila kufika mpakani. Mandhari bora ya Malaba iko mbali na mji. Asubuhi na mapema, mbele ya foleni, ng'ambo ya mto Malaba, husimama mwamba wa Tororo peke yake juu ya uwanda. Ni kizibo cha volkano ya kale: lava iliganda kooni mwa mlima, kisha mlima wenyewe ukamomonyoka na kuacha koo. Kaskazini huonekana Mlima Elgon, wenye mita 4,321. Kufika adhuhuri mawingu huwa yameufunika, kwa hiyo dereva anayelala hadi saa nne anaweza kupita Malaba miaka kumi asijue kwamba kuna mlima.

Ila hazina ya ukanda mzima ni Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, mbali kidogo na barabara kuu. Boda kutoka Malaba hufika. Ni mwamba mkubwa wa matale uliojikunja na kufanya kivuli, na chini ya kivuli hicho ukuta umechorwa. Mchoro haukufanywa siku moja. Michoro ya kale kabisa ni miduara ndani ya miduara, inayohusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa matunda walioishi humo kabla ya wakulima. Juu yake, bila kuufuta mkono wa kwanza, wafugaji waliokuja baadaye walichora ng'ombe. Miduara ya aina hiyo ipo pia Nyero, wilaya ya Kumi, Uganda. Mwaka 2004 Kakapel ilitangazwa kuwa turathi ya taifa, na iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Kuitazama kunahitaji subira. Anayeingia kutoka jua kali haoni kitu kwa dakika ya kwanza. Mwamba huonekana na madoa ya kutu tu. Macho yakizoea kivuli, doa moja hugeuka duara, duara hupata la pili ndani yake, kisha hutokea pembe, mgongo, mkia. Ufundi wa kusimama ni huo hasa, na ndio sababu ziara ya pili ya Kakapel huwa tamu kuliko ya kwanza. Mtalii haji mara ya pili. Mfanyakazi huja, kwa sababu mzigo haukomi.

Chini ya ukuta huo wanaakiolojia wamechimba, wakakuta dalili za watu kuishi hapo tangu miaka 9,000 hivi iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliripoti kunde zenye umri wa takriban miaka 2,300, zao la kulimwa la kale kuliko yote yaliyopimwa umri moja kwa moja Afrika Mashariki hadi wakati huo, na tabaka za baadaye zikatoa mtama na wimbi. Sahani ya kunde na ugali wa mtama pale Bumala, basi, ina ukoo mrefu kuliko mpaka kwa maelfu ya miaka. Mpaka wenyewe ni mtoto: hadi Aprili 1902 eneo hili lote lilikuwa sehemu ya jimbo la mashariki la Uganda, ndipo Waingereza wakalihamishia upande uliokuja kuwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili za mito Malaba na Sio, na bado wanavuka kwenda misibani na harusini kama zamani.

Kwa mwenye nusu siku, mwamba wa Tororo hupandwa hadi kileleni, sehemu za juu kwa ngazi, na ni heri kuanza kabla ya jua kali. Mkenya hahitaji pasipoti kwa hilo: tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuingilia Uganda.