Kichwa cha Hesi: Jinsi Rolex Oyster Ilivyozuia Maji

Maji huingia kwenye saa ya mkono kwa njia tatu: ukingo wa kioo, kifuniko cha nyuma, na tundu la kile kichwa kidogo cha ubavuni tunachokizungusha kutia ufunguo. Mbili za kwanza si kazi ngumu, kwa kuwa vipande vikishakazwa havitikisiki tena. Ya tatu ndiyo iliyowatoa mafundi jasho: kichwa lazima kizunguke kila siku, na penye kuzunguka pana upenyo.

Hans Wilsdorf, mwenye Rolex, hakulivumbua jibu, alilinunua. Mwaka 1925 mafundi wawili wa Uswisi walisajili hataza ya kichwa chenye hesi, kinachokazwa kwenye bomba dogo lililotokeza ubavuni mwa kasha. Wazo zuri, ila kichwa na mtaimbo wake, ule unaoijaza springi ya saa, vilizunguka pamoja muda wote. Springi ikishajaa, kichwa kinagoma kukazwa. Rolex wakatia klachi ndogo humo ndani. Ukikikaza, kichwa kinaachana na mtaimbo na kuzunguka peke yake. Ukikilegeza, kinaushika tena. Kwangu mimi, ufundi wa Oyster ya 1926 uko hapo hasa. Kasha lililobaki ni hesi tu: pete ya kioo mbele na kifuniko nyuma, vyote vimechongwa meno ukingoni ili chombo cha fundi kipate pa kushika.

Oktoba 1927 mwogeleaji Mercedes Gleitze aliingia kwenye mlango bahari wa Uingereza na Ufaransa, Oyster ikiwa imefungwa shingoni. Baridi ilimshinda baada ya saa kumi na ushei, lakini saa ilitoka ikitembea. Wilsdorf, ambaye kwa biashara hakuwa na mpinzani, akalipia tangazo kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail.

Tangazo halikugusa udhaifu mmoja: mtumiaji. Anayelegeza kichwa kila asubuhi, siku moja atasahau kukikaza. Dawa ilikuja mwaka 1931, kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotikisika na kuijaza springi chenyewe. Kichwa kikaanza kukaa wiki nzima bila kuguswa, na hesi zake zikapona kusagika.

Mwenye saa ya namna hii, kabla hujaingia baharini, kaza kichwa mpaka kigote. Na gasketi zake mpe fundi azikague. Mpira huzeeka hata saa ikikaa kabatini.